Harufu ya Mshahara

Kijiwe chetu kipo nje ya duka la Bi Verdell, hapa Ludlam, Alabama, duka linalouza chambo cha samaki mlango wa kushoto na mikate ya moto mlango wa kulia, na Mungu akusaidie usikosee mlango ukiwa na njaa. Benchi ni ubao mmoja mrefu tuliouokoa kiwandani wiki ile kilipofungwa. "Tuliouokoa" ndilo neno tulilompa mlinzi. Ukikaa hapo unatazamana na kiwanda chenyewe, ng'ambo ya barabara: geti lenye kutu, madirisha yasiyo na vioo, na bomba la moshi ambalo mti umeota ndani yake ukatoa kichwa juu, kama mtu aliyekuja kuchungulia akakosa wa kumchungulia. Kilikuwa kiwanda cha karatasi. Kilipokuwa hai kilinuka kabichi iliyooza, mchana na usiku, mji mzima, hadi kwenye shela za maharusi. Mgeni akiziba pua tulimwambia: hiyo ni harufu ya mshahara, bwana, zoea. Kisha mshahara ukaondoka, harufu ikaufuata, tukabaki na hewa safi na matumbo matupu.

Wenye benchi tuko wanne. Wa kwanza Odell, tunamwita Boila, kwa sababu alilisha boila za kiwanda kile tangu ana nywele hadi hana. Wa pili Shemasi, jina lake Cleophus, mtu wa Kanisa la Baptisti la Mlima Nebo, anayeweza kukutafutia aya ya Biblia hata ya kukukatalia kipande cha mkate. Wa tatu Rayburn, ambaye ni Mheshimiwa. Amegombea udiwani mara tatu na kuangushwa mara tatu, na mara ya tatu alishindwa na marehemu, maana yule mpinzani alikufa kampeni zikiendelea na watu wakampigia hivyo hivyo. Mheshimiwa ana sigara moja nene ya kusokotwa ambayo ameapa kuiwasha siku atakayoshinda. Mpaka leo anaitafuna tu. Wa nne ni mimi, Redio, kwa kuwa inasemekana kitufe changu cha kuzimia kilivunjika.

Kuna mtu wa tano ambaye hakuwa wa benchi: Hoyt Pettus, mtu wa gesi. Hapa Ludlam gesi ni mali ya mji. Mabomba ya mji, bili za mji, lawama za mji, na yote hayo ni Hoyt peke yake na pikapu yake. Kila asubuhi hupunguza mwendo mbele ya benchi, hushusha kioo na kuuliza:

— Hewa ikoje leo?

Miaka minne, tangu kiwanda kifungwe, Boila alimjibu: "Hakuna kitu." Hoyt huitikia kwa kichwa, huyo kaenda. Tuliichukulia ni salamu tu. Wengine husema shikamoo, Hoyt huuliza hewa.

Mwezi uliopita, baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa kingo za mto, asubuhi moja Boila aliinua pua kama mbwa aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Akanyamaza. Akatuambia na sisi tunyamaze. Tukanusa wote wanne kama sungura. Na kweli ilikuwepo. Kwa mbali, nyembamba, lakini ni ile ile. Kabichi. Boila alitushika mikono akatusihi tusimwambie mtu. Kiwanda kinafufuliwa, akasema, na biashara kubwa ni kama keki, ukifungua oveni mapema inabonyea. Hoyt alipopita na swali lake, Boila akajibu huku akitabasamu na meno yote aliyobakiwa nayo:

— Kama kawaida.

Hoyt akaitikia kwa kichwa, huyo kaenda. Toka siku ile jibu likawa hilo, kila asubuhi. Kawaida ilikuwa imerudi.

Sasa nifike siku yenyewe. Hoyt hakushusha kioo. Alizima gari, akateremka, akaja kukaa katikati yetu. Bi Verdell akamletea kahawa bila kuulizwa, akasimama hapo hapo na birika mkononi, maana mtu asiyekaa akikaa kuna jambo. Hoyt akasema mkaguzi wa gesi wa jimbo yuko njiani kutoka Montgomery, atafika asubuhi hii.

Mheshimiwa alikunja miguu. Mambo ya serikali ni uwanja wake. Akatueleza, kwa sauti ile ya majukwaani ambayo imemwangusha mara tatu, kwamba mambo ya usalama wa mabomba Washington ndiyo iliyoandika kanuni, na jimbo letu likaziasili. Kama mtu anavyoasili mtoto. Likazichukua nyumbani, likazipa jina lake, na sasa linatembea nazo mitaani likisema ni za kwangu.

Boila, ambaye sikio moja aliliacha kwenye boila namba mbili, akageuka taratibu.

— Jimbo limeasi?

— Limeasili, mzee. Limeasili kanuni.

— Maana safari iliyopita jimbo hili lilipoasi, mambo hayakwenda vizuri.

— Inategemea unamuuliza nani, — akasema Shemasi, akinywa kahawa yake. — Babu wa babu yangu, aliyetolewa utumwani na vita ile, aliona yamekwenda vizuri kabisa.

Hapo tukacheka, hata Hoyt, kidogo, kama mtu anayecheka msibani. Shemasi akataka kujua, huyo mtoto aliyeasiliwa, mbona kila mwaka anakuja na jipya? Mheshimiwa akasema hapo ndipo jimbo lilipouziwa mbuzi kwenye gunia: halikuasili mtoto tu, liliasili na wote watakaozaliwa nyuma yake. Washington ikiongeza neno huko, neno linaota huku. Ukiasili mtoto wa jirani, unaasili na kikohozi chake.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — akamalizia, akiwa na maana ambayo hata yeye hakuifuata.

Hoyt alikuwa akiizungusha kahawa yake bila kuinywa. Akasema kwamba kanuni zenyewe hazimsumbui. Amefunga valvu za mji huu kwenye barafu na kwenye kimbunga. Kinachomsumbua ni maneno matano.

— Imeandikwa gesi, kwa kuwa yenyewe hainuki, inatakiwa itiwe harufu, — akasema, — na harufu hiyo iweze kusikika na mtu mwenye pua ya kawaida. Kuna kisanduku cha kupimia. Unaweka pua hapo, gesi inachanganywa na hewa kidogo kidogo, ukiisikia unasema sasa. Zamani nilikuwa nafanya peke yangu. Leo huyu mkaguzi, ni mama mmoja, anataka kuniona nikinusa.

— Si unuse tu, — nikasema mimi.

— Sina pua, Redio.

Tukaitazama. Ilikuwepo pale pale, kubwa ya kutosha watu wawili. Akatuambia, akiitazama barabara na si sisi, kwamba ule ugonjwa wa mwaka wa barakoa ulipita nayo. Kahawa, petroli, maua, kwake vyote ni maji ya moto au ya baridi. Alinyamaza kwa sababu matibabu ya mkewe, Nadine, yako kwenye bima ya kazi hii, na mji ukijua mtu wake wa gesi hanusi, bima inakwenda naye mlangoni. Kwanza Nadine mwenyewe ndiye aliyekuwa pua yake. Walikuwa wakizunguka naye kwenye pikapu jioni kama wachumba, watu wakisema waone wale wanavyopendana, kumbe Nadine yuko kazini. Kisha dawa kali zikaiua na ya Nadine. Sasa sabuni na supu kwake ni kitu kimoja.

Bi Verdell akammiminia kahawa juu ya kahawa.

— Basi siku hizi unatumia pua ya nani? — akauliza Shemasi.

Hoyt alitutazama mmoja mmoja, kuanzia Boila mpaka kwangu. Akanywa.

— Nina namna yangu.

Hatukuuliza zaidi. Mtu akishakuvulia shati huanzi kumkagua mshono. Tukaingia kazini kumwokoa. Kwanza tulimfanyia jaribio, labda pua imelala tu. Bi Verdell akaleta kitunguu kilichokatwa, Hoyt akasema ni tufaha. Boila akavua kiatu. Mheshimiwa akalia machozi upande wa pili wa benchi, Hoyt akauliza kama tumeanza. Basi. Tukahamia kwenye hila. Shemasi akasema atasimama nyuma ya mkaguzi, kisanduku kikianza kunuka atakohoa. Mheshimiwa akasema kikohozi kinashukiwa, yeye ataipigia saluti bendera ya posta, hakuna mkaguzi wa kuhoji uzalendo. Mimi nikapendekeza kuzimia. Ilipigiwa kura, nikaangushwa.

Boila ndiye aliyetoa ushauri wa maana, na alimshika Hoyt bega alipoutoa.

— Chochote atakachokuuliza kuhusu harufu, wewe sema kama kawaida. Neno hilo halijamfunga mtu tangu dunia iumbwe.

Hoyt akalijaribu mdomoni. Kama kawaida. Kama kawaida, mama. Akasimama, akavuta suruali, akaenda zake ofisi za mji kumpokea mgeni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Shemasi akamsindikiza, kwa uchungu, kama mtu anayetema.

Tukabaki na harufu yetu. Kwa kweli siku ile ilikuwa nzito. Hoyt alipokuwepo hatukuitaja kwa sababu ya ile ahadi ya keki, lakini pikapu ilipokata kona Boila alishindwa kujizuia. Akasema imekua. Wiki iliyopita ulikuwa unaitafuta, leo inakutafuta yenyewe. Na cha ajabu, akasema, ukisogea hadi posta inapungua, ukirudi hapa kwenye benchi inakupokea. Maana yake upepo wa kiwandani unatua hapa kwanza kabla ya kwenda popote.

— Pafukapo moshi pana mshahara, — akasema.

— Sijaona moshi, — nikasema.

— Utauonaje na mti umeziba?

Nadharia yake ilikuwa kwamba kiwanda wameshakinunua watu wa nje, pengine watu wa nchi za baridi kule wanakojua mbao, na wanajaribu matangi kimyakimya ili bei isipande. Ushahidi: aliona gari lenye namba za jimbo jingine likisimama getini, na watu wawili wa tai shingoni wakateremka. Shemasi akasema watu wawili wa tai wakija pamoja Ludlam wanauza majeneza. Boila akasema hajali wanauza nini. Binti yake kule Mobile amemwandalia chumba, chenye televisheni yake peke yake, na kila Jumapili anampigia simu aende. Amekuwa akimwambia subiri. Na viatu vyake vya kazi, vile vya chuma kidoleni, amevipaka rangi. Hakusema hayo kwa kujigamba. Aliyasema akiangalia chini.

Mheshimiwa hakukubali kuachwa nyuma na nadharia ya mtu wa boila. Akasema yeye anaona mkono wa Washington. Mtazameni: mkaguzi anakuja leo, na harufu inapanda leo. Hiyo si bahati. Wanaimwaga kwa ndege, akasema, usiku, juu ya miji iliyofungiwa viwanda, ili wananchi wadhani uchumi umerudi wapige kura vizuri. Harufu nayo imeasiliwa. Nikamuuliza kwa nini waimwage juu ya Ludlam, ambayo hata posta hukosea kuiletea barua. Akasema ndiyo maana: mji wa majaribio huwa ni ule ambao ukiharibika hakuna atakayeuliza. Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa na akili ndani yake.

Hapo akapita mwalimu mpya wa muziki, binti aliyekuja kutoka Ohio mwanzoni mwa muhula, kitambaa puani kama kila asubuhi. Kila asubuhi hutuuliza tunawezaje kukaa hapa, na kila asubuhi Boila humjibu utazoea, mwanangu. Siku ile hakusimama hata kuuliza. Alivuka akapita upande wa pili.

— Vijana wa siku hizi pua zao laini, — akasema Mheshimiwa, akihamisha sigara kwenda shavu jingine.

Shemasi alikuwa kimya muda mrefu, na Shemasi akikaa kimya jua anatafuta kitabu na sura. Akaweka kikombe chini. Akatuuliza: Lazaro alipokuwa kaburini, dada yake alisema nini? Alisema Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne. Na nini kikafuata baada ya kunuka?

— Alitoka, — akasema Boila, polepole.

— Alitoka. Lakini kwanza alinuka. Na kiwanda hiki kimefungwa miaka mingapi?

Boila alivihesabu vidole vyake vinne kana kwamba ameviona leo. Bi Verdell, aliyekuwa mlangoni, akasema amina kwa kujisahau. Nami, ninayemwita Shemasi mchungaji wa mikate, niliinama kwenye kahawa nisionekane, maana kuna uchovu ambao ukipewa tumaini la kijinga unalia.

Pikapu ikarudi. Hoyt akateremka na kisanduku kifuani, amekibeba kama keki ya msibani. Upande wa pili mlango ukafunguliwa, akashuka mama mfupi mwenye fulana ya njano ya kung'aa na buti zenye udongo wa wilaya nyingine. Aliitwa Bi Renfroe. Mguu mmoja ulikuwa chini, mwingine bado garini, aliposimama. Mkono ukabaki kwenye mlango. Pua yake ikasogea kidogo tu.

— Bwana Pettus, hii harufu ni ya nini?

Shemasi akakohoa. Mheshimiwa akainuka akaipigia saluti bendera ya posta. Hoyt alitutazama, akashusha pumzi, akasema sawasawa kama alivyofundishwa.

— Kama kawaida, mama.

— Kawaida ya nini?

Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Boila akaona rafiki anazama, akamrushia kamba aliyokuwa nayo.

— Ni harufu ya mshahara, mama. Usijali, wageni huwasumbua siku mbili tatu. Ni kiwanda chetu hicho hapo.

Bi Renfroe akageuka. Akaliangalia geti lenye kutu. Akaangalia madirisha, mti uliotoka juu ya bomba la moshi, na tai wawili weusi waliokuwa wamekaa kwenye paa, mabawa wazi, wakijianika. Aliangalia muda mrefu, kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu. Kisha akatugeukia, na wala hakuwa na kejeli.

— Nani analipwa?

Nilimsikia Mheshimiwa akiteremsha saluti. Nilisikia birika la Bi Verdell likinguruma ndani. Hoyt alikuwa amekiweka kisanduku chini, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama karatasi tuliyokuwa tukiitengeneza.

— Odell, — akamwambia Boila. — Hiyo kama kawaida unayoniambia kila asubuhi. Ina maana kunanuka?

— Kunanuka kama zamani. Tangu zile mvua.

— Na hukuniambia.

— Nilikuambia kila siku, Hoyt.

Hoyt hakugomba. Pengine angegomba ingekuwa nafuu. Akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia hewa:

— Verdell, usiguse jiko. Usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Acha kila kitu, toka kwa mlango wa chambo. Nyie inukeni mvuke barabara. Rayburn, hiyo sigara.

— Haijawahi kuwashwa, — akasema Mheshimiwa, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake haikuwa ya jukwaani.

Tulivuka tukasimama getini kwa kiwanda, Bi Verdell bado na kitambaa cha kufutia vikombe. Kutoka pale tulimwona Hoyt akikimbia na ule ufunguo wake mrefu kama fimbo ya mchungaji, mtu wa umri wetu, goti bovu, akikimbia hadi kwenye kifuniko kando ya posta, akapiga magoti, akazungusha. Jiko la Bi Verdell likajifia lenyewe huko ndani na birika likanyamaza. Bi Renfroe alichomeka fimbo ya chombo chake ardhini pembeni ya benchi letu, na chombo kikapiga kelele ambayo hata sikio la Boila liliisikia.

Wakachimba mchana ule. Kumbe harufu inayotiwa kwenye gesi ni ndugu wa damu wa ile kabichi ya kiwanda. Bomba lilikuwa la chuma, la zamani kuliko Shemasi. Mvua ilikuwa imelegeza udongo, maungio yakaachana, na mahali penyewe palikuwa chini ya benchi, kati ya makalio ya Boila na ya Shemasi. Gesi ilikuwa imeanza kutambaa chini ya saruji kuelekea sakafu ya duka. Haba na haba, akaanza kusema Mheshimiwa, kisha akaona amalize moyoni. Watu wa Ludlam wamemnyima kura mara tatu, na nadhani ndiyo njia pekee ambayo mji huu umewahi kujiokoa. Angeshinda udiwani mwezi huu, angeiwasha ile sigara pale pale kwenye benchi.

Hoyt alimweleza Bi Renfroe yote hapo shimoni, mbele yetu, akiwa na udongo hadi mapajani. Pua yake, pua ya Nadine, na ile namna yake. Namna yake ilikuwa sisi. Kila asubuhi alikuwa akizikodi pua nne za bure, akidhani kawaida yetu ni kawaida. Alipomaliza, akangoja kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Mama yule alijifuta mikono. Akasema suala la kuvuja ataliandika, na mji utalisikia, hilo halina huruma. Kisha akaongeza:

— Lakini kanuni inasema mtu mwenye pua ya kawaida. Haisemi lazima awe wewe.

Hoyt alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha kuchoka, cha mtu aliyebeba gunia mlima mzima akaambiwa juu kwamba lilitakiwa libaki chini. Miaka yote ile ya kumficha Nadine kwenye pikapu.

Bi Renfroe akataka apatiwe mtu mmoja tu hapo mjini mwenye pua hiyo, akajitolea kutujaribu sisi. Mheshimiwa alisema "sasa" kabla kisanduku hakijafunguliwa. Shemasi aliisikia, ila aliisikia hata baada ya kufungwa. Boila aliweka pua akakaa, akakaa, gesi ikapita kiwango, ikazidi, na alipoulizwa kama haisikii alisema anaisikia tangu mwanzo, ila alikuwa anasubiri iwe mbaya. Mwishowe kazi ya kunusa alipewa yule binti wa muziki wa Ohio. Hoyt amebaki na valvu, mashimo na bima. Mama mkaguzi alimuuliza binti ameanza lini kuisikia harufu ile. Akasema tangu wiki ya mvua. Alimwambia nani? Akatunyooshea kidole.

Siku tatu baadaye benchi lilirudishwa juu ya saruji mpya. Bi Verdell akawasha jiko, akachemsha, tukakaa. Hewa ilikuwa ya misonobari na tope la mto, na chini yake hapakuwa na kitu. Tukagundua kahawa ya Bi Verdell imeungua, na inaelekea imekuwa ikiungua tangu Shemasi akiwa mwanakwaya. Hakuna aliyemwambia. Boila alikuwa amevaa vile viatu vya chuma kidoleni, rangi inang'aa. Nilidhani atasema kwa nini. Akawa anaviangalia tu, kisha anaangalia ng'ambo, mti ulivyosimama kwenye bomba la moshi. Simu yake ilikuwa mfukoni na ilikuwa Jumapili.

Ndipo pikapu ikapunguza mwendo, Jumapili kwa Jumatatu Hoyt ni yule yule. Nadine alikuwa kiti cha pembeni, kilemba kichwani, akatupungia. Kioo kikashuka.

— Hewa ikoje leo?

Shemasi alimtazama Mheshimiwa, Mheshimiwa akanitazama mimi. "Hakuna kitu" lilikuwa jibu letu la miaka ya njaa, na nani alitaka kulirudia. "Kama kawaida" lilikuwa karibu litutoe roho. Boila akainua pua, akavuta, akashikilia. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Hoyt hakuondoka. Alingoja pale, injini ikinguruma, mkono nje ya dirisha, akituangalia sisi wanne kama mtu mwenye asubuhi nzima.